Mkwaju wa Kwenye Bakuli

Fomu ya maonyesho ilikuwa na visanduku viwili: sanaa, na kazi za mikono. Dada wa mezani aliutazama mkwaju wangu, akaitazama fomu, kisha akaniambia niupeleke kwenye hema la bustani. Nilirudi nao nyumbani kwa daladala, nimeupakata kama mtoto anayetoka kliniki.

Nilimweleza Baba nikitarajia anionee huruma. Yeye ni seremala, ametengeneza milango hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Akauliza, "Kwani ukiitwa fundi unapungukiwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira aibu, maana nilijua kilichoniuma. Nilisoma chuo ili nisiitwe fundi. Karo yenyewe ilitoka kwenye milango.

Bonsai hiyo nimeilea miaka saba, tangu mbegu. Sehemu kubwa ya kazi yake haina ushairi wowote. Kila baada ya miaka miwili hivi naung'oa mti, napunguza mizizi, naurudisha kwenye udongo mpya uliochanganywa na kokoto ndogo ili maji yasituame. Napogoa. Nafunga waya za alumini kwenye matawi yaelekee ninakotaka. Mwenye subira yeyote anafundishika. Lakini tawi lipi libaki? Hapo futi haisaidii. Tawi moja nililizunguka wiki tatu kabla ya kulikata, na mpaka leo sijui kama nilikosea.

(Neno sanaa lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni kutengeneza kitu. Dada wa mezani sikumwambia hilo. Nililikumbuka nikiwa kwenye daladala.)

Washington kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa hivi mwaka 1625. Mwaka 1945 ulinusurika bomu la Hiroshima, ukiwa kwenye kitalu cha familia ya Yamaki, kilomita tatu hivi kutoka lilipolipuka. Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Nauwaza sana mti ule. Aliyeuanza alikufa bila kuumaliza, na waliompokea vivyo hivyo. Mchoro una sahihi pembeni. Huu tungeandika jina la nani?

Mwaka jana nilisafiri kikazi miezi minne, nikasahau kufungua waya. Matawi yakanenepa, waya zikazama kwenye gome. Baba, ambaye siku zote alisema nautesa mti, aliziona akiumwagilia. Hakuzifungua kwa kuzizungusha, matawi yangevunjika. Alizikata kwa plaizi, kipande kimoja kimoja, mchana kutwa, na hakunipigia simu. Niliporudi nilikuta makovu yamejizungusha kwenye matawi kama ngazi. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, aliona tu gome limeanza kupasuka.

Sasa mkwaju unakaa mlangoni kwa karakana yake. Jioni, majani yanapoanza kujikunja, anaweka randa chini, analigeuza bakuli kidogo, anarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Juzi aliniambia upande ninaouita wa mbele siyo wenyewe. Tulibishana mpaka adhana ya isha.