Gitaa Langu, Koti la Baba, na Kiwanda cha Kalamazoo

Mnakumbuka niliwaahidi video ya gitaa mwezi wa pili halafu nikapotea? Leo nawaambia ukweli. Gitaa liliharibika. Kile kipande cha mbao kilicho tumboni, pale nyuzi zinapofungwa, kilianza kubanduka. Ukiangalia kwa ubavu unaona nafasi, inatosha kupitisha kadi ya ATM. Nililinunua kwa msee tuliyesoma naye, elfu tatu na mia tano, kwa hivyo sikushangaa sana. Nililia kidogo, lakini sikushangaa.

Fundi wa kwanza niliyempigia simu alinitajia bei ambayo ningenunua gitaa lingine na chenji ibaki. Basi nikafanya kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza. Nikapanda mathree, nikaenda kwa baba.

Baba ni seremala. Yuko kando ya Ngong Road, kwa wale wanaotengeneza vitanda, meza na makabati hapo nje jua likiwaka. Na majeneza pia, wakati mwingine, lakini hayo huwa anayafanyia nyuma. Alitoa nyuzi moja moja, akaziviringisha, akaziweka ndani ya kikombe cha chai. Halafu akaanza kugonga tumbo la gitaa kwa kidole cha kati. Hapa. Halafu hapa. Halafu kule mwisho. Ameinamisha kichwa kama daktari.

"Mama," akaniambia (ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake), "hawa watu walipaka gundi juu ya rangi. Gundi haishiki rangi. Gundi inashika mbao."

Akakwangua rangi yote pale chini, polepole, kwa patasi ambayo ukiiangalia unaona jinsi imeisha kwa kunolewa. Akapaka gundi, akabana, akapangusa ile iliyofurika. "Usiguse mpaka kesho saa kama hii."

Usiku huo sikuwa na gitaa, kwa hivyo nikaingia kwa simu kutafuta kama kweli gitaa hugundishwa hivyo. Kumbe mzee alikuwa sawa kabisa. Lakini si unajua vile intaneti ilivyo, unaingia kutafuta gundi, saa nane usiku uko Kalamazoo.

Kalamazoo ni mji halisi, usicheke. Uko jimbo la Michigan, Marekani. Mtu mmoja anaitwa Orville Gibson alikuwa akichonga mandolini na gitaa huko, na mwaka 1902 kampuni ikaanzishwa kwa jina lake. Mwaka 1917 wakajenga kiwanda cha matofali mtaa wa Parsons, na bomba refu la moshi juu yake. Kama umewahi kuona gitaa la Les Paul kwa mikono ya msanii yeyote wa roki, mwanzo wake ni hapo, 1952. Lucille, lile jina B.B. King aliwapa magitaa yake, pia ni damu ya hapo. Miaka karibu 70 watu waliingia asubuhi kwa mlango ule ule. Kuna waliofuata baba zao, kuna walioolea humo ndani.

Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna kitu kilinigusa. Baba ni mtu wa muziki wa kantri. Najua, baba yako pia. Wazee wa Kenya na kantri ni mambo ya zamani sana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipozunguka na mashine yake ya kurekodi, aliwakuta Wakipsigis wana wimbo kuhusu "Chemirocha", na huyo Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri ambaye sahani zake zilikuwa zimefika vijijini kabla hata ya lami. Sasa, mwimbaji mwingine wa kizazi hicho cha Rodgers ni Maybelle Carter, na gitaa lililomfanya ajulikane ni L-5 ya mwaka 1928. Ilitoka Kalamazoo. Kwa hivyo ile sauti baba huweka Jumapili jioni akinyoosha miguu, sehemu yake ilichongwa na watu wa mtaa wa Parsons. Hajawahi kusikia jina la mji huo. Mimi pia sikuwa nimesikia.

Turudi kiwandani. Mwaka 1969 kampuni iliyokuwa na Gibson ilichukuliwa na wenye biashara ya bia na saruji kutoka Ecuador. Kuanzia hapo ni hadithi unayoijua hata kama hujui gitaa. Kubana matumizi. Wanunuzi kulalamika kwamba gitaa za siku hizi si kama za zamani. Katikati ya miaka ya sabini wakafungua kiwanda kipya Nashville, kusini, na polepole kazi ikaanza kuelekea huko. Mwaka 1984 Kalamazoo ikafungwa.

Kuna watu waliambiwa wanaweza kuhamia Nashville. Lakini mtu ana nyumba, ana mama mgonjwa, ana watoto shule. Huwezi kung'oa watu kama mihogo.

Sasa ndiyo sehemu watu wanapenda kusimulia. Jim Deurloo, aliyekuwa meneja wa kiwanda, pamoja na wenzake Marvin Lamb na J.P. Moats, walikataa kwenda. Mwaka 1985 wakaanzisha kampuni yao, Heritage, ndani ya jengo lile lile. Wakanunua baadhi ya mashine za zamani ambazo walikuwa wamezitumia maisha yao yote, wakawaita wenzao wachache, wakaanza upya. Hawakuwa na lile jina kubwa tena. Walikuwa na mikono tu, na zile mashine. Na gitaa za Heritage bado zinatengenezwa hapo mtaa wa Parsons hadi leo.

Tamu, eh? Mimi pia nilisisimka. Nikaanza hata kuandika maneno ya video: "Wakikufungia mlango, ingilia dirishani..." Halafu nikaifuta, kwa sababu niliangalia ukutani nikaona koti la baba.

Ni koti la kazi la buluu. Mama alinipa mwaka jana nilipohamia chumba changu, nivae nikipaka rangi. Mfukoni palikuwa na jina la kiwanda lililoshonwa kwa uzi mwekundu, sasa limebaki vidoti. Baba alifanya kazi kwa kiwanda cha fanicha, Industrial Area, miaka kumi na tisa. Kilifungwa nikiwa darasa la tano. Walikuta karatasi kwa geti asubuhi. Pesa zao zilikuja kidogo kidogo, na nyingine mpaka leo hazijakuja, lakini hilo mama amekataza tuliongee mezani.

Kile sikujua, na nimejua mwezi huu tu kwa sababu nilimuuliza, ni kwamba baba na wenzake wawili walijaribu kitu kile kile cha Deurloo. Walitaka kununua mashine moja tu, ile ya kupasua na kunyoosha mbao, wakodi banda, waanze. Walienda kuomba mkopo. Wakaulizwa hati ya shamba. Wakaenda kwa mnada na zile pesa walikuwa wamechanga, na wakapata mashine imeshauzwa kwa kilo. Kama chuma chakavu. Baba aliniambia hii hadithi akipima ubao, bila kuinua macho. "Ile mashine nilikuwa naijua sauti. Ikianza kuchoka nilikuwa nasikia kabla haijaharibu kitu. Walimpa mtu wa vyuma."

Kwa hivyo nikisoma watu wakiandika kwamba wale jamaa wa Kalamazoo walifaulu kwa sababu ya moyo na bidii, manze, nakasirika. Moyo baba alikuwa nao. Bidii, sijawahi kumuona amelala mchana. Hawa wenzake wa Michigan walipata jengo na walipata mashine. Na hata kwao, Heritage ilichukua wachache tu. Wengine wote walienda nyumbani na yale waliyoyajua, kama baba alivyokuja nyumbani na koti.

Hapa kwetu kiwanda kikifungwa tunahesabu kazi zilizopotea, halafu kila uchaguzi mtu anapanda jukwaani kusema atafufua viwanda. Na si uongo kwamba inawezekana. Rivatex ya Eldoret ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 baada ya kulala, na 2019 ikazinduliwa upya na mashine mpya. Sawa. Lakini mashine unaagiza, zinakuja kwa kontena. Yule mtu anayejua sauti ya mashine ikianza kuchoka utamwagiza wapi? Yuko Ngong Road anatengeneza kitanda cha tano kwa sita, na mteja anamwambia apunguze mia tano.

Kuna jambo lingine la Kalamazoo, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kulala.

Wakati wa vita vya pili vya dunia wanaume wengi walienda jeshini. Kwa miaka mingi hadithi rasmi ya kampuni ilikuwa kwamba vita vilipokuwa vinaendelea, gitaa karibu hazikutengenezwa. Lakini gitaa zipo. Zina utepe mdogo wa maneno ya kujisifu juu ya kichwa, na wakusanyaji wanazitafuta kama dhahabu, kwa sababu sauti yake ni tamu ajabu. Nani alizitengeneza? Kulikuwa na picha ya makumi ya wanawake wamesimama mbele ya kiwanda. John Thomas, mwandishi, aliiona, akaanza kuwatafuta. Waliokuwa hai walikuwa bibi wazee. Akakaa nao, akawasikiliza, na mwaka 2013 akatoa kitabu, Kalamazoo Gals. Aliingiza hadi gitaa zenyewe kwa eksirei, akaona zile za wanawake zilikuwa zimepigwa msasa kwa wembamba kidogo zaidi, ndani mle ambapo hakuna mteja anaangalia.

Walizipiga msasa kwa miaka, halafu vita vikaisha, na hadithi ikasema hapakuwa na mtu.

Nilikaa na hiyo kwa muda mrefu. Kwa sababu baba amefundisha vijana. Nimehesabu, ni saba. Wawili ni kaka zangu. Mmoja yuko Qatar, mmoja anafanya mambo ya simu pale mjini. Wale wengine walikaa mwaka, miwili, wakaenda boda, na siwalaumu, boda inalipa doo kila jioni. Wa mwisho aliondoka Disemba. Sasa baba yuko peke yake, na jicho la kushoto linaanza kumsumbua, nimeona akipima mara mbili kitu ambacho zamani angekata kwa kuangalia.

Hajawahi kuniuliza mimi. Na sitajifanya shujaa hapa, mimi pia sijawahi kumuomba. Likizo zote za shule ya upili nilikuwa napeleka chai pale kibandani, naweka thamosi, naondoka mbio nisipate vumbi kwa nywele. Nilikuwa naona aibu kidogo, kama mnataka ukweli wote. Wenzangu baba zao walikuwa na ofisi.

Basi kesho yake nilienda kuchukua gitaa. Alikuwa ameshaweka nyuzi, ila hajui kulitunisha sauti, kwa hivyo lilitoa mlio wa kuchekesha. Nikalitunisha, nikapiga kitu kidogo cha kantri ninachojua. Alisimama akiwa ameshika msasa. Watu wa kibanda jirani wakanyamaza pia. Nikamuonyesha kwa simu ile picha ya wanawake wa Kalamazoo. Aliiangalia kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, akitafuta kitu.

"Hawa ndio walikuwa wanatengeneza?"

"Ndio, baba."

"Zile za vita?"

"Zile watu wanatafuta leo."

Akanirudishia simu. Akauliza ndani ya gitaa kuna nini, vile vijiti alivyovigusa kwa kidole akipitisha mkono kwa tundu, vimepangwa vipi, na kama mbao ya juu lazima iwe nyepesi hivyo. Nikamwambia vile nilivyosoma. Akasema miti ya hapa ataanza na msonobari, kwa kujaribu tu, usije ukafikiri tunafungua kiwanda. Nikamwambia mimi nitashika kamera. Akasema kamera mtu mwingine anaweza kushika.

Halafu akachukua randa, akaigeuza, akaipuliza vumbi, akaniwekea mkononi. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Nimekuwa huko Jumamosi tatu sasa. Jumamosi ya kwanza niliharibu ubao mzima na nikapata malengelenge mawili. Ya pili baba alinisimamisha katikati, akasema, "Sikiliza. Ikikata vizuri inapiga mluzi. Ikilia hivi, umeenda kinyume na nyuzi za mbao." Sikusikia tofauti yoyote. Ya tatu, nadhani nilisikia.

Video bado sina. Koti nimelifua.