Dirisha la Voi

Tulipanda treni ya asubuhi Miritini, sisi na mama watoto, kwenda kumzuru ndugu yetu aliyehamia Voi. Ni kilomita zipatazo 150 tu kutoka Mombasa, lakini ushukapo stesheni hutambua mara moja kwamba bahari umeiacha nyuma: vumbi jekundu, na jua kavu lisilo na mzaha.

Nyumba tuliikuta ya kupendeza machoni. Makochi yalijaza ukumbi ukuta hadi ukuta. Moja liliziba dirisha, na dirisha lililosalia lilifunikwa pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Juu mabati matupu, hayana dari, na adhuhuri yalialika kwa joto. Bi mkubwa, mama wa mwenyeji wetu, alikuwa chumba cha nyuma, amelala akiuelekea ukuta. Hatoki, wala hali vyema. Daktari alimpima asione kitu. Watoto walikwisha kuafikiana kumrudisha Mombasa, jambo lililomkata maini mwanawe, kwani alimleta ili amtumikie kwa mkono wake.

Siku ya pili tulipanda Wundanyi kwa njia ya Mwatate. Huko ni baridi, na kilele cha Vuria kilijifunika ukungu tangu alfajiri. Mwenyeji wetu Mtaita hana dirisha hata moja upande unakotoka upepo. Jiko la kuni lina kibanda chake, moshi usiingie vyumbani, na kibaraza kinalipokea jua la asubuhi. Hakuiga mtu, amejenga kwa hewa ya kwao.

Wazee wetu wa Lamu na Mombasa nao walijua yao: kuta nene za mawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, kiwanda cha kuingiza hewa na mwanga, na daka la kumpokelea mgeni pasi na kuvunja sitara ya ndani. Sitara haikuwa giza. Wengi wetu tumeyachanganya mawili hayo, nasi tumo. Aya ya 80 ya Surat An-Nahl huihesabu nyumba kuwa neema, kwa kuwa ni mahali pa utulivu; chumba kile cha nyuma hakikuwa na utulivu wowote.

Tuliporudi Voi tulimweleza ndugu yetu kwa upole. Hakufurahi, maana makochi yale bado anayalipia. Mkewe ndiye aliyeanza kuyasukuma. Mawili yalitolewa, dirisha likafunguka, pazia zito likapisha kitambaa chepesi cha pamba. Kitanda cha bi mkubwa tulikihamishia chumba cha mashariki, kikitazama mwarobaini uani. Dari itangoja mshahara.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, alitoka mwenyewe na mkeka wake, akautandika chini ya mwarobaini. Habari za Mombasa hakuuliza.

“Mwanangu,” alituambia, “mbuzi hawa wa nani, wanaolala mahali pangu?”