Shukrani Isingoje Kodi Ilipwe

Mwanangu mpendwa,

Huku Machame hatujambo, na masika yameanza vizuri. Juzi kwenye simu uliniuliza utamshukuruje Mungu wakati mkataba wa kazi wa mume wako umeisha, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na usiku hupati usingizi. Swali zito kama hilo sikutaka kulijibu kwa haraka, ndiyo maana nakuandikia.

Sikukatazi kupanga. Mwenye mtoto na kodi lazima akae chini apige hesabu. Ninachokuogopea ni ule wasiwasi unaokukesheza hadi alfajiri, na kukicha haujaleta hata shilingi.

Chukua Waraka kwa Wafilipi, uusome wote kwa mkao mmoja; ni sura nne tu. Wengi tumekariri pale sura ya 4 Paulo anapotuagiza tusijisumbue, tukasahau aliyeagiza alikuwa wapi. Paulo alikuwa kifungoni, na katika sura ya 1 anaandika waziwazi kwamba huenda akaishi, huenda akafa. Tena sehemu ya waraka huo ni shukrani kwa msaada. Wafilipi walikuwa wamechanga, wakamtuma Epafrodito aupeleke mchango, naye mjumbe akaugua nusura afe. Paulo haifichi hofu yake. Anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na yeye Paulo pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Napapenda mahali hapo kuliko pengine pote katika waraka huo, kwa sababu anayetuambia tusijisumbue anakubali kwamba moyo wake ulikuwa umeumia. Basi hata wewe, usidhani kushukuru ni kujifanya huumii.

Na waliosomewa waraka huo walimjua Paulo. Fungua Matendo 16: ni huko huko Filipi ambako yeye na Sila walichapwa bakora, miguu ikafungwa kwenye mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaomba na kumwimbia Mungu. Mlinzi wa gereza alibatizwa usiku ule pamoja na jamaa yake. Yawezekana kabisa alikuwa ameketi hapo kanisani waraka uliposomwa.

Sasa angalia jinsi Paulo anavyoagiza. Haja zako na shukrani zako anaziweka katika sala moja. Hakusema uombe kwanza, kisha ushukuru ukishapewa. Bwana wetu mwenyewe, mbele ya umati wa watu elfu tano, alishukuru mikate ingali mitano.

Usimshukuru Mungu kwa kuwa mume wako amekosa kazi. Sioni Paulo akiishukuru minyororo. Alichofurahia ni kwamba hata katika minyororo hiyo Injili ilisonga mbele. Wala usimalizie na "asante kwa yote" ili ufike upesi kwenye kodi. Shukrani ya namna hiyo haimtulizi mtu. Paulo anamtaja aliyeleta zawadi, anakumbuka hata walivyomsaidia zamani alipokuwa Thesalonike. Nawe taja. Taja yule mama wa chumba cha pili anayebaki na mtoto ukienda kazini. Taja kwamba mume wako anaamka kila siku kutafuta kibarua, wala hajakimbilia pombe. Kisha, katika sala hiyo hiyo, itaje kodi kwa kiasi chake, shilingi ngapi na tarehe gani, maana Baba yako wa mbinguni si mtu wa kuzungushiwa maneno. Utaona hofu bado ipo, lakini haitakuwa peke yake humo rohoni.

Huyo mama wa chumba cha pili usimshukuru kwa Mungu tu, akabaki hajui. Mwendee mwenyewe umwambie.

Kuhusu kodi, nimeongea na baba yako. Tutachangia sehemu, na iliyobaki mwombe mwenye nyumba mlipe kwa awamu. Nenda na mume wako, msiende mikono mitupu. Baba yako mdogo ana rafiki anayejenga Kigamboni, anahitaji msimamizi wa mafundi. Mwambie mume wako ampigie leo, asingoje Jumatatu. Alhamisi nitampa kondakta mkungu wa ndizi na maharage kidogo. Uwahi stendi ya Mbezi, mama wa chumba cha pili naye umgawie.

Mimi shangazi yako.