Vigumba vya Babu

Kwetu, kitu cha kwanza mtoto anachofundishwa kuficha ni jina la ukoo. Sisi ni Wadatoga wa ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, na mtu wa Hanang akilisikia jina hilo hahitaji maelezo zaidi. Wadatoga wenzetu wanachukua mikuki yetu, bangili zetu na vigumba vyetu vya mishale, lakini binti zao hawatupi, na wa kwetu hawawaoi. Nimefundisha sekondari mjini Babati miaka tisa. Miaka yote hiyo, mtu akiniuliza babu yangu alikuwa anafanya nini, nilikuwa namjibu: mkulima. Si uongo kabisa, maana mahindi tulikuwa nayo. Ila mahindi hayakunisomesha. Kilichonisomesha ni msumari.

Kiwanda cha babu kilikuwa chini ya mgunga, upande wa Basotu. Kiwanda ni neno kubwa. Palikuwa na shimo la mkaa, kipande kizito cha chuma kilichozikwa nusu ardhini kuwa fuawe, nyundo mbili, koleo, patasi, tupa, na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi. Kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa mivukuto. Mkono wa kulia unashuka, wa kushoto unapanda, na ole wako moto upoe. Babu aliyeyusha kufuli mbovu na koki za maji zilizochakaa akapata shaba ya bangili. Lakini kazi iliyomfanya anyamaze ilikuwa ya vigumba. Alichukua msumari wa nchi sita, ule wa kenchi, akauweka motoni mpaka ukawa mwekundu, akaupiga ncha moja ukawa bapa kama jani, na ncha ya pili akaiacha ndefu na nyembamba iwe mkia wa kuingia kwenye uti wa mshale.

Wateja wa vigumba wengi walikuwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, kule Mbulu. Walikuja na asali, mara nyingine nyama kavu. Na pale kwenye shimo la mkaa ndipo nilipojifunza Kiswahili, kabla ya shule. Sisi tulisema Kidatoga, ambacho ni cha Kinailoti. Majirani walisema Kiiraqw, cha Kikushi. Wengine walisema Kinyiramba, cha Kibantu. Na Kihadza, chenye vidoko vyake, wataalamu hadi leo hawajakipatia ndugu hata mmoja. Watu wa lugha nne zisizo na undugu, wamezunguka moto mmoja, wanabishania bei kwa Kiswahili cha kuungaunga. Nikisoma siku hizi mijadala ya Kiswahili sanifu, nakumbuka kile cha kwetu, kilichokuwa na kazi moja tu: asali chupa ngapi kwa vigumba vingapi.

Kulikuwa na mteja mmoja, mwembamba, mpole, ambaye nilimchukia sana. Babu akimpa vigumba kumi, hasemi asante. Anakaa chini. Anashika kimoja, anakiviringisha kwa vidole huku amefumba jicho moja, anakiweka kushoto. Anashika cha pili. Mwisho wake upande wa kushoto kuna saba, na upande wa kulia kuna vitatu. Anavisukuma vile vitatu kuelekea kwa babu, bila neno. Na babu, mtu mkali ajabu nyumbani, anavichukua bila neno na kuvirudisha motoni.

Mimi nilikuwa naungua. Nilijua kabisa Wahadzabe nao wanavyodharauliwa huku kwetu. Nikawaza, yaani hata huyu naye anatukataa?

Babu alifariki nikiwa chuo. Katika vitu vyake nilipata kopo la maziwa lenye vigumba kumi na kimoja. Nikavichukua, nikaviweka juu ya kabati Babati, na vikakaa huko.

Kilichonifanya nilishushe kopo lile ni kitu cha kuchekesha. Usiku mmoja, badala ya kusahihisha mitihani, nilijikuta natazama video za wazee wa Kimarekani wanaoyeyusha risasi jikoni ili kutengeneza risasi. Kiswahili kinatupendelea hapo: chuma chenyewe na kile kinachotoka kwenye mtutu vinaitwa jina moja. Wanazimimina kwenye kalibu kwa ajili ya bunduki zile za sinema za kauboi, ambazo mpigaji anasukuma kishikio cha chini mbele kisha anakirudisha nyuma. Winchester, Marlin. Roosevelt alikuja nayo Winchester ya aina hiyo Afrika Mashariki mwaka 1909, akapigia simba. Kwa wengi wao bunduki hizo hupanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, hivyo risasi haitakiwi kuwa na ncha kali, isije ikagonga fataki ya iliyo mbele yake. Kwa kawaida huwa na pua bapa.

Lakini kilichonikamata ni uvumilivu wao. Mzee mmoja alimimina risasi nyingi, kisha akakaa na mizani kuzipima moja moja, kwa kipimo kidogo ambacho 7000 ndizo zinafanya ratili moja. Iliyopungua, alisema, huenda ina kiputo cha hewa ndani. Ukiiangalia kwa nje huoni kitu. Ila ikitoka kwenye mtutu inazunguka kwa kasi, na kwa kuwa uzito haujakaa katikati, inayumba na kwenda inakotaka. Basi alizitenga zile mbovu pembeni na kuzirudisha kwenye chungu.

Nilisimamisha video. Nilimwona yule Mhadzabe.

Likizo ya Juni nikaenda kwa baba mdogo, ambaye bado ana moto, nikamwomba nafasi. Nilifua vigumba kumi na viwili. Sitaficha, vilikuwa vizuri kwa macho kuliko vya babu. Siku hizi baba mdogo ana mashine ya kusaga chuma, nami niliviparaza mpaka vikang'aa, kingo zimenyooka kama za kiwandani. Nikavifunga pamoja na lile kopo, nikapitia Haydom, nikateremka Yaeda Chini kwa pikipiki.

Yule mteja bado yupo. Ni mzee sasa. Nilimwamkia, "Mtana," akaitikia, kisha akaniangalia mikono kabla ya uso.

"Mjukuu wa mhunzi," akasema kwa Kiswahili.

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kwa sauti bila mimi kutazama nani amesikia.

Nikamweleza nilichotaka. Akafunga vigumba vinne vya babu kwenye nyuti zake, na vinne vya kwangu, kwa kano. Nyuti hizo kazi yake si ndogo: kijiti kinachomwa kidogo, kinang'atwa kwa meno na kupindwa mpaka kinyooke, kisha nyuma kinafungwa manyoya, ya kanga au ya tai. Tukajaza kiroba mchanga, tukahesabu hatua thelathini. Upinde wake ni mrefu kama yeye na sikuweza kuuvuta hata nusu.

Minne ya babu ilikaa karibu karibu. Ungeifunika kwa sahani. Ya kwangu, mmoja ulipiga kiroba chini kabisa, mmoja ukakipita kulia, mmoja kushoto, na wa nne tulikwenda kuutafuta kwenye nyasi.

Hakucheka. Alichukua mshale, akaubonyeza kati ya viganja mpaka ukapinda. Mshale ukiachiwa, akasema, haunyooki hapo hapo. Unapinda kwanza, unauzunguka upinde, ndipo unanyooka. Ni kweli; watu wa vipimo waliliona jambo hilo kwa kamera za kasi miaka ya 1930. Kichwa kikiwa kizito, uti unapinda zaidi na mshale unakwenda upande mmoja. Kikiwa chepesi unapinda kidogo na unakwenda upande wa pili. Mpigaji anaweza kuzoea kichwa kizito, na anaweza kuzoea chepesi. Asichoweza kuzoea ni leo hiki, kesho kile. "Mnyama hasubiri mshale wa pili," akasema. Ukikosa digidigi jioni, watoto wanalala na ubuyu.

Niliporudi Babati nilivipima vyote kwa mizani ya maabara ya shule. Vya babu vilipishana chini ya nusu gramu. Vya kwangu vilipishana karibu gramu nne. Nilikaa pale nikijiuliza mtu asiye na mizani aliwezaje, mpaka nikakumbuka neno alilokuwa akinikemea nalo: usimpunguzie msumari. Hakukata kitu, na tupa aliigusisha kwenye makali tu. Msumari mzima uliingia kwenye kigumba, na kwa kuwa misumari ya pakiti moja ni mapacha, vigumba navyo vilitoka mapacha. Mizani yake ilikuwa msumari wenyewe. Mimi na mashine yangu ya kung'arisha nilikuwa nimetupa uzito kwa kila kimoja kadiri macho yalivyopenda.

Na vile vitatu vilivyokuwa vikirudishwa? Nilimuuliza mzee siku ile ile. Uzito ulikuwa sawa, akasema, ila mkia ulikuwa umekaa pembeni kidogo. Ukiviringisha unaona pua inachora duara. Ni kile kiputo cha yule Mmarekani.

Miaka michache iliyopita nilitaka kuoa. Wazee wa upande wa pili walinikaribisha vizuri, tukala, tukacheka. Kisha mmoja akauliza ukoo. Kikao kiliisha kwa heshima na hakikuitishwa tena. Nyumbani kwao, nyuma ya mlango, nilikuwa nimeuona mkuki, na nilijua kwa namna makutano ya chuma na mti yalivyofungwa kuwa umetoka kwenye moto wetu. Kazi yetu waliipokea yote bila kuikagua. Mimi ndiye niliyekaguliwa.

Yule Mhadzabe alifanya kinyume chake, na nilimchukia kwa hilo miaka yote ya utoto wangu. Alikaa chini na babu, akashika kila kipande alichokitengeneza, akasema hiki ndiyo, hiki hapana. Babu aliyajua yote mawili, kukataliwa na kukosolewa, na alijua tofauti yake. Ndiyo maana hakuwahi kumjibu.

Kabla sijaondoka Yaeda mzee alimwaga vigumba vyangu kumi na viwili juu ya ngozi, akaanza: kimoja kimoja, jicho limefumbwa, vidole vinaviringisha. Vitatu vikaenda kushoto. Tisa akavisukuma kwangu.

Kisha akaingia ndani na kutoka na asali, chini kidogo ya nusu chupa, malipo ya vitatu.

"Hivi vingine utaleta lini?"

Nikamwambia Desemba, shule zikifungwa.