Liberty City Ndani ya Basi la Headingley

Mwaka 2005 nilikuwa nasoma kompyuta mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na Jumamosi nauza gemu zilizotumika kwenye kibanda ndani ya soko la Kirkgate. Mwenye kibanda alikuwa mzee asiyecheza gemu hata moja, lakini bei zote alikuwa nazo kichwani. PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ilipoingia madukani Uingereza tarehe 1 Septemba kwa pauni 179.99, aliishika, akaigeuzageuza, akasema bila GTA, ile gemu ya wizi wa magari, hii haitauzika. Hakujua kwamba GTA yenyewe ilikuwa inapikwa mji uleule tuliokuwa tumesimama.

Waliokuwa wanaipika walikuwa zamani wakiitwa Möbius Entertainment. Rockstar, wenye GTA, waliinunua kampuni hiyo mwaka 2004 na kuiita Rockstar Leeds. Mlango wao sikuwahi kuukanyaga, nisije nikajipa ukubwa. Lakini sisi wanafunzi wa kompyuta tuliwajua kwa kazi yao moja: Max Payne, gemu ya kompyuta kubwa, walikuwa wameiingiza kwenye Game Boy Advance ikaingia, tena ikachezeka. Ukiona hivyo unajua hawa ni watu wanaohesabu kila baiti.

Lazima nieleze tulikotoka. GTA ya kwanza, ile ya 1997 inayoonekana kutoka juu kama vile uko kwenye ghorofa unachungulia barabara, ilishaingizwa kwenye Game Boy Color mwaka 1999. Gari lilikuwa vitone vichache tu. Halafu Oktoba 2004 ikaja GTA Advance, nayo ya kutoka juu, ikatoka wiki ileile GTA San Andreas ilipotoka kwenye PlayStation 2. Kibandani kwetu niliyaona matokeo. Mtoto ameona kwa jirani yake mji mzima, milima, jangwa, ndege. Anakuja kununua jina lilelile kwa ajili ya mashine yake ya mkononi. Jumamosi inayofuata yuko mbele yangu na kava mkononi, anataka kubadilisha. Gemu haikuwa mbovu. Ilikuwa imechelewa miaka mitatu, kwa sababu tangu GTA III ya 2001 watu walishazoea kutembea ndani ya mji, si kuuangalia kutoka juu.

Kwa hiyo swali la mwaka ule lilikuwa moja: je, Liberty City, mji wa GTA III wenye visiwa vitatu, unaweza kukaa kwenye kitu kinachobebwa mfukoni? Kwenye makaratasi PSP ilionekana binamu wa PlayStation 2. Memori megabaiti 32, sawa na kaka yake. Lakini katika hizo, 8 zilikuwa za mfumo wenyewe, gemu inabakiwa na 24. Prosesa ilitengenezwa kwenda megahezi 333, ila Sony waliifunga isizidi 222 ili betri isiishe njiani. Diski yake, UMD, ilibeba gigabaiti 1.8, na kwa kasi ya kusoma ilikuwa kama robo tu ya diski ya PlayStation 2.

Hiyo kasi ya diski ndiyo nilikesha nayo, maana nilikuwa natafuta mada ya kuandikia kazi yangu ya chuo. Mji wa GTA hauingii wote kwenye memori. Mashine inasoma mtaa uliopo na mtaa unaofuata, na ule uliouacha nyuma inautupa. Ukitembea kwa miguu hakuna tabu. Ukipata gari la kasi, wewe unashindana na diski. Liberty City Stories, GTA hiyo ya PSP, ilipotoka kwetu Novemba 2005, nilikuwa nakaa ghorofa ya juu ya basi la Headingley, mtaa wa Leeds, sauti nimeizima, sikio nimeliweka karibu na mgongo wa mashine. Nikiendesha taratibu ndani ya Portland, kimojawapo cha vile visiwa vitatu, diski inakoroma kidogo, inanyamaza. Nikikanyaga mafuta hainyamazi tena, na mbele yangu ukuta wa ghala unatokea ghafla pale ambapo sekunde iliyopita palikuwa na ukungu mtupu. Ukungu ule haukuwa wa hali ya hewa. Ulikuwa pazia la kufichia kazi ambayo haijaisha.

Kitu kingine ambacho kila mchezaji alikiona na wachache walijua sababu yake: unazunguka mji mzima unatafuta gari fulani zuri, hulioni. Ukishaliiba tu, yanajaa barabarani, kila kona la kwako. Vijana kibandani walidhani ni mzaha wa watengenezaji. Si mzaha. Memori inabeba aina chache tu za magari kwa wakati mmoja, na la kwako lazima liwemo kwa sababu umelikalia. Basi mashine inalitumia hilohilo kuijaza barabara. Tabia hii ilikuwepo hata kwenye GTA kubwa, ila kwenye kubana namna hii ilionekana wazi zaidi.

Jambo ambalo halikusemwa sana wakati ule ni kwamba GTA III ilijengwa juu ya RenderWare, injini ya kampuni ya Criterion, na Criterion ilinunuliwa na EA, washindani wa Rockstar, mwaka 2004. Leeds, wakishirikiana na wenzao wa Rockstar North wa Edinburgh, wakatengeneza injini yao wenyewe kwa ajili ya PSP. Mji ule wa 2001 ukajengwa upya kwa msingi mwingine. Hadithi wakairudisha nyuma hadi 1998, mhusika akawa Toni Cipriani, yule ambaye kwenye GTA III tulimjua kama bosi mnene anayesumbuliwa na mama yake. Pikipiki, ambazo GTA III haikuwa nazo, zikaongezwa. Hapo niliwavulia kofia. Umepewa mashine ndogo zaidi, na badala ya kupunguza tu unaongeza.

Vidole, hata hivyo, viliwashinda, na mimi nasema vidole vilikuwa kikwazo kikubwa kuliko memori. Kidude cha PlayStation 2 kina vijiti viwili: cha kushoto unatembea, cha kulia unazungusha kamera. Mabegani kina vitufe vinne. PSP ilikuwa na kijiti kimoja, kimewekwa chini kabisa kushoto ambako kidole gumba kinajikunja mpaka kinakufa ganzi, na mabegani vitufe viwili tu. Ukitaka kutazama pembeni unabana L, halafu kijiti kilekile ulichokuwa unatembelea kinageuka kuwa cha kamera. Maana yake ukitazama hutembei, ukitembea hutazami. Kwenye gemu ambayo adui anaweza kutoka kichochoro chochote, hilo ni jambo zito. Nimekufa mara nyingi sana kwenye kisiwa cha Staunton Island mgongo ukiwa upande wa mtu mwenye bunduki ambaye sikuwa na kidole cha kumwona nacho.

Misheni zenyewe walizifanya fupi, nyingi zinaisha kabla basi halijafika mjini. Lakini ili uhifadhi ulipofikia ilibidi urudi kwenye nyumba yako ndani ya gemu, ulale, ndipo uandike. Nani ana muda huo na kituo chake ndicho hiki? Kilichookoa ni swichi ya pembeni mwa PSP: unaisukuma juu mara moja, mashine inalala na kila kitu kimesimama pale kilipo, polisi, risasi, gari hewani. Jioni unaiamsha, gari linamalizia kuruka. Nadhani watu wanaoisifia gemu ile wanasahau kuisifia swichi.

Julai 2006 nilirudi Tanga likizo. Mwaka ule ukame ulikuwa umekausha mabwawa na nchi nzima ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Vibanda vya gemu vya Ngamiani, ambako mimi mwenyewe nilijifunza GTA III kwa kulipia nusu saa nusu saa, mchana vilikuwa vimefungwa, PlayStation zimefunikwa vitambaa. Nikatoa PSP barazani. Mdogo wangu akaiangalia kwanza bila kuigusa.

“Kaka, hiyo ni GTA yenyewe au wameichora?”

“Yenyewe. Endesha.”

Walikaa barazani vijana wa mtaa mzima, zamu kwa zamu, mpaka betri ikaisha, nayo kwa GTA haikuchelewa kuisha kwa sababu diski haipumziki. Ikabidi ipelekwe kuchajiwa kwa muuza duka mwenye jenereta. Mama alipita akasimama, akauliza yule wa kwenye kioo anafukuzwa kwa nini. Mdogo wangu akamwambia kaiba gari. “Basi wamkamate,” akasema, akaingia ndani.

Ile nakala ya PSP niliiacha Tanga, na kumbe nilikuwa nimeacha mali. Mapema mwaka huohuo wajuzi wa programu walikuwa wamegundua kwamba faili la kuhifadhia la Liberty City Stories, likichezewa kidogo, linaifanya PSP iendeshe programu ambazo Sony hawakuziruhusu. Kibandani kwetu Leeds wakaanza kuja watu wazima wasioijua hata sura ya Toni, wanataka diski hiyo tu, tena iliyotoka mwanzo. Mwezi Aprili Sony waliziba tundu kwa toleo la 2.70 la mfumo wao, lakini kwa waliokuwa hawajasasisha mashine zao biashara iliendelea. Mzee hakuelewa chochote kuhusu faili wala tundu. Alielewa kwamba diski moja inaulizwa na watu watano, akapandisha bei.

Nimeshasema vya kutosha kuhusu gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye PSP. Kama ningeulizwa ni lini hasa GTA ilihamia mkononi, nisingeitaja hiyo. Ningetaja Chinatown Wars ya Machi 2009, ya Nintendo DS, nayo kazi ya Leeds. DS ilikuwa na megabaiti 4 za memori. Nne. Hapo hakuna ujanja wa ukungu utakaokusaidia. Wakarudisha kamera juu, kule tulikokimbia, ila mji wa chini ukawa na kina na kamera inazunguka nao, wahusika wamechorwa kwa mistari minene kama katuni za gazetini. Na kila kitu kidogo wakakipa mkono. Ukiiba gari la zamani lililoegeshwa, skrini ya chini inakuonyesha tundu la ufunguo na bisibisi, unaizungusha kwa kalamu ya DS huku kengele ya gari inakaribia kulia. Ukitaka bomu la petroli unajaza chupa mwenyewe kituoni, ukizidisha inamwagika.

Kuna biashara ya dawa za kulevya ndani yake, nunua mtaa huu kwa bei chini, uza ule kwa bei juu, na iliwakera watu, sishangai. Lakini kama utaratibu wa gemu ya mkononi, sijaona uliokaa vizuri zaidi: dakika mbili zinakutosha kufanya dili, na hesabu yake unabaki nayo kichwani hata ukishafunga mashine.

Wakosoaji waliisifu, wanunuzi wakasita. Marekani mwezi wa kwanza haikufika nakala 100,000. Oktoba mwaka huohuo ikahamishiwa PSP, na kule bisibisi ikawa kazi ya vitufe. Nilicheza kidogo nikairudisha. Mwaka 2010 ilipoingia kwenye iPhone, kioo cha kugusa kikarudi, ikapata uhai wake tena.

Desemba 2015 na Liberty City Stories yenyewe ikaletwa kwenye simu. Picha safi kuliko PSP, hakuna diski ya kukoroma, mji unafunguka wote hadi mbali. Nililipa bila kufikiri. Kijiti sasa ni duara lililochorwa juu ya kioo, na vitufe ni vivuli. Mdogo wangu, ambaye leo ana duka la simu barabara ya kumi na mbili, anaicheza vizuri tu na ananicheka. Mimi bado naishia misheni za Portland, kwa sababu kidole gumba changu kinaifunika barabara ninayotakiwa kuiona.