Nimshtaki Nani?

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Nilipokuwa mtoto kisiwani Funzi nilidhani methali hii yatosha kueleza kila msiba wa nyumba. Sasa nauona upungufu wake: liko janga ambalo tunalila sisi, ilhali mchumaji wake hayumo nyumbani mwetu.

Likizo iliyopita nilimkuta shangazi barazani akisuka ukili. Mwanawe, aliyerithi mashua ya babake, alikwenda Diani kutafuta kazi ufuoni, akarudi ametekwa na unga. Tazama lugha inavyotudhihaki: neno la chakula cha kila siku ndilo lililopewa heroini. Nyavu ziliuzwa, ikafuata injini, kisha masufuria. Jina alilopewa na mamake nalo likapotea. Kijijini huitwa teja.

Ili kumliwaza, nilimsimulia habari niliyoisoma. Mnamo Januari 2017 mji wa Everett, Marekani, uliishtaki kampuni ya Purdue Pharma. Ulidai kwamba kampuni hiyo ilijua tembe zake za OxyContin, dawa ya maumivu iliyo ya jamii moja na heroini, zikipenyezwa katika soko haramu, nayo isizuie. Mji ulitaka kufidiwa hasara yake.

Shangazi aliweka ukili chini. "Mwanangu, wenzetu walikuwa na jina la kupeleka mahakamani. Mimi nimshtaki nani?"

Sikuwa na jibu. Tembe ile ilikuwa na chapa na kiwanda. Unga wetu huja kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, bila hati. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya kilo 1,000 za heroini katika jahazi moja mashariki mwa Mombasa.

Hata majina yalipopatikana, kesi haikuwa yetu. Januari ile ile ya 2017, ndugu Baktash na Ibrahim Akasha walichukuliwa kutoka Kenya hadi New York. Walikiri, pamoja na mengine, kula njama ya kuingiza dawa za kulevya Marekani. Mwaka 2019 Baktash akafungwa miaka 25. Angalia shtaka hilo, msomaji: sumu iliyohukumiwa ni ile iliyokusudiwa Marekani. Iliyowaangamiza vijana wa Pwani haikuwa na mlalamishi.

Hata hivyo, wanyonge wa Pwani wamewahi kushtaki wakashinda. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwandani, walitunukiwa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaurejesha ushindi wao mwaka 2024. Miongoni mwa walioshtakiwa zilikuwamo idara za serikali.

Basi, ikiwa muuzaji wa unga hana jina, mwenye wajibu wa kutibu analo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya afya. Methadoni ilianza kutolewa Kenya mwaka 2014, lakini kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Atokaye Funzi sharti avuke kwa mashua hadi Bodo, apande bodaboda hadi barabara kuu, kisha matatu. Kesho aanze tena. Anayetetemeka kwa arosto ataiweza safari hiyo siku ngapi?

Nilipoaga, nilimwambia shangazi kwamba nitaandika habari za mateja wa kwetu. Akanikatiza: "Andika wagonjwa. Teja hana anachoweza kudai."