Fikia au Sikia

Santuri ndogo za inchi saba zilizotolewa Nairobi katika miaka ya 1970 zilikuwa na desturi moja ambayo huenda msikilizaji wa leo asiijue. Aghalabu wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba beti na kiitikio, kisha sauti ikafifia pale ambapo magitaa yalikuwa ndiyo kwanza yanakolea. Msikilizaji akainuka, akaigeuza santuri, na sehemu ya pili ikaendelea. Nyimbo za Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga waliotoka Tanga, na za Les Wanyika iliyochipuka kutoka kwayo mwaka 1978, ziliingia katika nyumba nyingi za Kenya kwa njia hiyo.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Makongeni, mjini Thika, amehifadhi santuri kama hizo zisizopungua mia mbili. Mpwa wake, mwanafunzi wa uzamili anayeishi Ruiru, anaandika tasnifu kuhusu lugha ya mapenzi katika nyimbo za Kiswahili za kipindi hicho. Kila Jumamosi hupanda matatu kwenda Thika akiwa na daftari la unukuzi. Tangu barabara kuu ikamilike mwaka 2012 safari yenyewe si ndefu, ingawa kutoka Ruiru mjini hadi kuifikia barabara hiyo ni hadithi nyingine.

Mzozo ulianzia kwenye santuri ambayo karatasi yake ya katikati imekwanguka hata jina la mwimbaji halisomeki. Katika ubeti wa pili mwanamume anamwambia mpenzi wake jambo alilolifanya siku waliyoachana.

"Mjomba, hapa anasema 'nilikusikia'," alisema binti.

"La, mwanangu. 'Nilikufikia.' Wimbo huu nimeucheza tangu mama yako hajaolewa."

Waliurudia mara tano, upande wa kwanza na wa pili. Kila mmoja aliondoka na neno lake, tena akiwa na hakika zaidi kuliko alivyoanza. Mtu wa nje angeyaona haya kuwa mambo madogo. Hata hivyo, binti alikuwa ameandika kurasa tatu kuhusu taswira ya sauti katika wimbo huo: mwanamume aliyemsikia mpenzi wake akiita kutoka mbali, asiweze kumwona. Iwapo neno lilikuwa 'fikia', basi mwanamume huyo alifika, akasimama mlangoni, akarudi. Huo ni wimbo mwingine kabisa, na kurasa zile tatu hazina kazi.

Wanafunzi wa fonetiki wataufahamu ugumu huu. Sauti /f/ na /s/ zote ni vikwamizo, na zote hazina mghuno. Kinachozitenganisha ni mahali pa kutamkia, yaani mdomo na meno kwa /f/ na ufizi kwa /s/, pamoja na nguvu ya mkwaruzo wenyewe. Nguvu ya /s/ hukusanyika kwenye masafa ya juu, kuanzia takribani hezi 4,000 kwenda juu. Mkwaruzo wa /f/ ni dhaifu na umetawanyika, na kelele yoyote inayofanana nao huumeza. Binti aliongeza kwa upole kwamba Kikuyu, lugha mama yao wote wawili, hakina fonimu /f/ katika maneno yake ya asili. Mjomba hakupendezwa na hoja hiyo. Alikuwa amewafundisha watoto wa Thika kutamka 'fisi' kwa muda wa miaka thelathini.

Mwalimu alidhani tatizo ni spika, akaanza kuulizia bei ya spika kubwa. Aliyemzuia ni fundi wa redio mjini Ruiru ambaye binti alimpelekea kifaa chao. "Mwalimu, usinunue spika. Hizi zako zinasema kila zinachoambiwa." Aliikagua sindano kwa kioo cha kukuzia, akaona bado ni nzima. Kisha akakinyanyua kisanduku cha plastiki cha shilingi 1,500 kilichounganishwa kati ya kinanda cha santuri na amplifaya, akakitazama kama daktari anavyotazama picha ya mapafu.

Kisanduku hicho mafundi hukiita priampu. Sindano inayosafiri katika mfuo wa santuri huzalisha umeme mdogo mno, takribani milivolti 5 kwa katriji ya kawaida ya sumaku. Priampu huukuza umeme huo mara 100 hivi kabla haujafika kwenye amplifaya. Ikiwa yenyewe ina kelele, nayo kelele hukuzwa pamoja na wimbo, na hakuna spika itakayoweza kuvitenganisha baadaye.

Lakini ina kazi ya pili, ambayo ndiyo yenye maana zaidi kwa mwanaisimu. Santuri haikukatwa kwa sauti ilivyotoka studioni. Besi ilipunguzwa makusudi, kwa sababu mifuo yake ingekuwa mipana mno na kuimaliza nafasi. Sauti za juu nazo ziliongezwa ili zishinde mkwaruzo wa plastiki. Kiasi cha kupunguza na kuongeza, takribani desibeli 20 kwenye kila ncha, kilisawazishwa mwaka 1954 na chama cha warekodi wa Marekani, RIAA, kisha ulimwengu ukakifuata. Priampu hupaswa kuyageuza hayo yote kinyume: kurudisha besi na kupunguza sauti za juu pamoja na mkwaruzo. Ikikosea kidogo, vikwamizo hubadilika nguvu, na kwa hiyo matamshi. Anayetaka kunukuu rekodi za Siti binti Saad, zile za Bombay za mwaka 1928, ana kazi kubwa zaidi, kwani zilikatwa kabla ya kanuni hiyo na priampu ya kawaida haimpi sauti sahihi. Inashangaza kwamba tasnifu zetu nyingi hutaja mwaka wa wimbo na mtunzi wake, lakini hazisemi neno lilisikika kupitia chombo gani.

Mwalimu alinunua priampu iliyokwishatumika kwa shilingi 16,000. Mkewe aliuliza mara moja tu bei yake, naye akajibu swali jingine. Fundi alimwagiza afunge waya wa ardhi wa kinanda kwenye skrubu ya kisanduku na aiweke adapta ya umeme mbali na katriji. Mvumo wa hezi 50 uliokuwa umeishi katika spika zile kwa miaka ukatoweka. Mikwaruzo ya santuri haikwisha, na yeyote anayeuza kisanduku kwa ahadi hiyo anadanganya. Ila kila mkwaruzo sasa ulikuwa kishindo kifupi kinachopita, na nyuma yake kulikuwa na kimya.

Jumamosi iliyofuata waliiweka ile santuri isiyo na jina. Upande wa kwanza, mwimbaji mkuu akiwa peke yake, neno lilikuwa 'nilikusikia', waziwazi. Binti alitabasamu, asiseme kitu. Mjomba aliigeuza santuri. Katika sehemu ya pili, chini ya magitaa, waitikiaji wawili walilirudia fungu lile lile, nao waliimba 'nilikufikia'. Waliucheza upande huo tena na tena. Ilibainika kwamba mjomba, mpenzi wa magitaa, kwa kawaida alisikiliza upande wa pili tu, ilhali binti alikuwa amerekodi upande wa kwanza kwenye simu yake. Kelele ya kisanduku cha zamani ilikuwa imewaachia kila mmoja asikie pande zote mbili neno alilolizoea.

Je, waitikiaji waliteleza, au mtunzi alikusudia mwanamume aseme alisikia na wenzake waseme alifika? Mjomba anashikilia kuwa ni mchezo wa makusudi. Binti hajaamua. Kurasa tatu zimekuwa saba, na msimamizi wake ameomba kusikiliza mwenyewe. Katika tanbihi binti ameandika aina ya katriji, ya sindano na ya priampu, na pande mbili za santuri amezinukuu katika safu mbili zinazotazamana.